Kabla Mto Prut Haujafungwa

Lunca Veche, 3 Septemba 2006

Mpwa wangu Lilia,

Nakusalimu mimi mjomba wako Haralambie Buga, mtu ambaye kama si yeye, huo mto Prut ungekuwa mpaka leo haujui uelekee wapi. Usicheke. Waulize watu wazima wa huko Iaşi, nani alilifungua daraja siku ile ya maua, watu wa kingo mbili walipokutana mtoni na mashada mikononi, Mei mwaka tisini? Watakwambia ni maelfu kwa maelfu ya watu. Uongo mtupu. Maelfu walivuka, aliyefungua ni mimi. Askari wa Kirusi amesimama na bunduki yake, amenuna, nikampa kipande cha soseji. Akakitazama, akaiegemeza bunduki ukutani ili ale kwa mikono miwili. Mipaka hufunguliwa hivyo, binti yangu. Kwa soseji.

Siku ile ndugu zetu Waromania wa ng'ambo walikuwa wamekonda kama fito za mzabibu. Sisi wa huku kwa Wasovieti tulikuwa na sabuni, jokofu, na televisheni inayosema kutwa. Wao walikuwa wametoka kwenye televisheni ya saa mbili kwa siku, zote za kumsifu rais wao, ikawa wanageuza antena zao waitazame ya kwetu. Mmoja alinililia begani, "Kaka, nyinyi mmefika." Nikamwambia, "Nyamaza, nanyi mtafika." Basi wamefika kweli, tena wametupita bila hata kupiga honi. Redio inasema Januari mosi wanaingia Umoja wa Ulaya, na sisi tukitaka kuwavukia tutaomba viza. Mimi niliyewalisha, nijaze fomu!

Habari za huku njema. Mama yako mzima, ila akipanda kutoka kisimani husimama mara tatu njiani, eti anatazama kabichi za jirani. Midomo nayo inageuka rangi kidogo, kama mtoto aliyekula forosadi. Nesi wa zahanati kampa matone. Usihofu, nipo.

Kijiji kimebaki na wazee na mbwa. Vijana wako Moscow wanajenga, wasichana wako Italia wanawaogesha vikongwe wa watu. Mwanamume wa maana nimesalia peke yangu, hata kasisi huniuliza kabla hajapiga kengele.

Barua hii anakuletea Nistor wa basi dogo, mpe na majibu. Simu ya posta usiiguse. Yule bibi wa posta huanza kusimulia kabla hujakata.

Mjomba wako,
Haralambie Buga, fundi mkuu wa matrekta (mstaafu)


Iaşi, 14 Septemba 2006

Mjomba Haralambie, shikamoo.

Tafadhali isome barua hii ukiwa peke yako.

Agosti nilipokuja niliondoka na picha ya moyo wa mama, ile aliyopigwa wilayani. Nimemwonyesha Daktari Hriscu wa wodini kwetu. Hakuitazama hata muda wa kuwasha sigara. Vali moja imekakamaa kama mlango uliovimba kwa mvua, damu inapita kwa shida. Isipobadilishwa, Mjomba, mama hafiki Pasaka. Yale matone ya zahanati ni maji ya kumliwaza.

Daktari amekubali kumpasua. Kitanda chake ni Jumanne tarehe 12 Desemba, na hospitali itamhesabu kama mzazi wa mfanyakazi. Lakini mama hana pasipoti. Ana kile kitabu chekundu cha Wasovieti ambacho hakimvushi hata kisima. Lazima umpeleke ofisi ya wilaya aombe ya buluu, na huchukua mwezi mzima. Mpeleke kabla ya mwisho wa Septemba. Ikipita Januari mosi bila yeye kuvuka, itakuwa viza, na foleni ya ubalozini kule mji mkuu Chişinău imekwisha kulizunguka jengo.

Ningekuja mwenyewe. Pasipoti yangu iko kwa watu wa uraia wa huku, wameishikilia mpaka waniite nile kiapo, na hawasemi lini.

Wodini kwangu wamelala wanawake wa rika la mama, wa vijiji vya ukingo huu. Wanawatukana kuku kama yeye, wanatia chumvi ugali kama yeye, hata ng'ombe wao wana majina yaleyale. Wanapasuliwa, wanakaa wiki mbili, wanarudi kulima vitunguu. Wa kwetu wanapewa matone, halafu wanazikwa. Kati ya kisima chetu na chao pana mto ambao wewe uliwahi kuuogelea ukiwa umelewa, na humo mtoni ndimo zinamozama Pasaka za mama zangu wote wa huko.

Jambo la mwisho. Mama asijue habari ya kupasuliwa. Unamjua, akisikia kisu atajifungia. Mwambie ni vipimo tu. Nimekuandikia wewe na si yeye kwa sababu hiyo.

Nakutegemea.
Lilia


Lunca Veche, 28 Septemba 2006

Mpwa wangu mwenye busara,

Barua yako nimeipata na nimeisoma mara tatu mfululizo, bila miwani, mpaka nikaihifadhi moyoni. Nimefurahi kusikia kwamba daktari wako mkubwa amesema mama ana moyo wa farasi, kinachotakiwa ni apumzike mpaka masika. Mimi nililijua hilo kabla yake. Kama ningepata nafasi ya kusoma udaktari, leo angekuwa ananibebea mkoba.

Umeuliza mvinyo. Loo, umeligusa donda. Warusi walivyolifunga soko lao mwezi Machi, watu huku wanaogea mvinyo. Wengine wamewaachia ndege zabibu. Mimi nimevuna, maana zabibu zangu si za kuchezewa. Shada moja nimelibeba begani kama mwanakondoo, na njiani likanilazimisha kupumzika. Nimejaza mapipa manne. Nistor anakuletea dumu la lita kumi, nusu mpe huyo daktari, mwambie limetoka kwa mtu aliyefungua daraja.

Na pale ulipoandika kwamba kwenye kingo zote mbili hakuna mjomba kama mimi, nilitoka nje nikajifanya ninamfunga mbwa. Mwanamume halii mezani.

Mama yako anakusalimu. Leo hakusema sana.

Haralambie Buga


Iaşi, 9 Oktoba 2006

Mjomba,

Nakuuliza pasipoti, unanijibu mapipa!

Sikuandika kwamba mama ana moyo wa farasi. Sikuuliza mvinyo. Sikuandika kwamba hakuna mjomba kama wewe, na kwa hivi ninavyojisikia leo namwomba Mungu iwe kweli hakuna mwingine. Nimezoea kutunga kwako tangu utoto wangu. Nilikuachia soseji na askari, nikakuachia na yule kambare aliyelivuta trekta. Lakini hii si hadithi, ni mama yangu.

Umempeleka wilayani au hukumpeleka? Septemba imekwisha.

Nikwambie ninachofikiri? Nafikiri unaogopa kubaki bila mpishi. Tangu mke wako aende Italia na asirudi, ni mama anayekupikia, anayekufulia, anayekusikiliza. Akija huku nani atayasikiliza makuu yako? Basi bora afe jikoni kwako, mradi ugali uwe mezani saa saba.

Nisamehe kama nimekosea. Kama sikukosea, usinisamehe. Nenda naye wilayani wiki hii.

Lilia


Lunca Veche, 23 Oktoba 2006

Mpwa wangu,

Sasa unazidisha. Barua mbili za sifa mfululizo, mtu atadhani ninagombea ubunge! Ulivyoandika kwamba mama yuko mikono salama kwangu kuliko hata hospitalini, nimekubali kwa sababu ni kweli, ila ungeweza kuipunguza kidogo, watu wana wivu.

Habari ya viza isikutoe jasho. Kamanda wa pale mpakani alikuwa dereva wangu mdogo enzi za shamba la ushirika, mimi ndiye niliyemfundisha kurudisha gari nyuma. Viza ni za watu wadogo. Haralambie Buga akifika pale, chuma chenyewe kitainuka kumpisha.

Na nina habari ya kukufurahisha. Mama yako amepona! Sijui ni matone au ni mikono yangu mizuri, lakini tangu wiki iliyopita mwanamke ameamka. Amepaka nyumba chokaa. Amelifungua sanduku la mahari akatoa vitambaa vyote vya kufuma, amevifua, amevipiga pasi, sasa anashona vingine mpaka vitimie ishirini na vinne, kila kimoja amekifunga na mshumaa wake. Amewagawia majirani bata. Jana alinionyesha gauni la buluu akaniuliza, "Hili linanikaa?" Nikamwambia, "Dada, una umri wa miaka sabini na miwili, unataka kuolewa?" Akacheka mpaka akashika ukuta.

Furahi basi.

Haralambie


Iaşi, 2 Novemba 2006

Haralambie Buga,

Umemwambia.

Vitambaa ishirini na vinne na mishumaa! Wewe umezaliwa hapo, umebeba majeneza hapo, na hujui ni vya nini? Ni madaraja, Mjomba. Vinatandikwa njiani mbele ya maiti, roho ipate kukanyaga inapovuka maji. Mama yangu anajishonea madaraja ya kuzikiwa, nawe unaniandikia nifurahi.

Nilikuomba neno moja tu ulifiche. Hukuweza. Ulikaa naye mezani ukajidai unajua siri, ikakutoka, sivyo? Sasa anajua kwamba hafiki Pasaka, ila hajui kwamba inawezekana akafika, kwa sababu hiyo nusu nyingine haina sifa yoyote kwako.

Jumatatu tarehe 13 Nistor atakuja na gari asubuhi. Mtie mama ndani na kitabu chake chekundu. Nistor atafanya mengine yote. Wewe kaa nyumbani uhesabu mapipa.

Usipofanya hivyo, usiniandikie tena. Nitasema kwamba mjomba wangu alikufa mwaka tisini, darajani, kwa kushiba.

Lilia


Lunca Veche, 8 Novemba 2006

Lilia mwanangu,

Ni mimi mama yako. Mwandiko si mzuri, vumilia.

Usimtukane mjomba wako. Hajui lolote, hakuniambia lolote. Barua zako hupita kwangu kwanza. Kwa nini hupita kwangu usiulize, hilo ni lake, si langu kukutolea.

Ile barua ya kwanza niliifungua kwa furaha. Nikaona umeandika mama hafiki Pasaka, mama asijue. Unajua ilivyo kukisoma kifo chako kwenye mwandiko wa mtoto uliyemshika mkono kumfundisha kushika kalamu? Sikukasirika kwa kifo. Nilikasirika kwamba ulimwona mjomba wako ni mtu mzima wa kuambiwa, mimi nikawa mtoto wa kudanganywa na vipimo. Nikasema, vema, kama ni nyumba ya kufichana, nami najua kuficha. Ulianza wewe.

Siji. Siku ya maua nilikwenda darajani na mikate kumi na miwili kwenye shuka. Wanawake wa ng'ambo waliipokea bila kunitazama usoni. Nikawaona hawana adabu. Mwanangu, sasa nimeelewa kwa nini hawakunitazama. Sitaki kwenda kulala kwao nikitazama ukuta.

Tena kuna mtu hapa siwezi kumwacha. Sababu yake si ya kuandika.

Nistor asije Jumatatu. Vaa soksi za sufu.

Mama


Iaşi, 17 Novemba 2006

Mjomba,

Nistor ameapa kukupa hii mkononi, barabarani, mbali na nyumba.

Nimekudhulumu. Sijui mama anakufanyia ujanja gani, lakini barua zangu hazikufikii kama ninavyoziandika. Mama yuko katika hatari ya kufa na anaweza kupona, na anakataa kuja. Hamsikilizi mtu mwingine duniani, ila wewe atakusikiliza.

Umpeleke wilayani kesho. Mjibu Nistor neno moja, palepale ulipo: utamleta, au utamwacha afe.

Lilia


Iaşi, 14 Desemba 2006

Kwa yeyote anayezisoma barua zangu,

Nistor ameniambia pasipoti iliombwa tarehe 24 Novemba, kwa hiyo haitatoka kabla ya tarehe 27 mwezi huu. Juzi Jumanne kitanda cha mama alilazwa mwanamke wa Huşi. Nilimpima presha mwenyewe. Aliniuliza mbona ninalia, nikamwambia ni kitunguu.

Daktari Hriscu amenung'unika sana, mwishowe akatoa tarehe 9 Januari. Lakini avuke kabla ya saa sita usiku ya tarehe 31. Baada ya hapo hata mimi sitakuwa na mlango wa kumfungulia.

Sijui tena niseme na nani katika nyumba hiyo. Mmoja alinificha, mmoja nilimficha, wote wawili mnanipenda. Ningekuwa na maadui ningekuwa nimeshapata jibu.

Lilia


Lunca Veche, 29 Desemba 2006

Mpwa wangu Lilia,

Naandika haraka, na mimi si mtu wa haraka. Nistor yuko nje anawasha gari na kulizima. Mama yako amekwisha kupanda, amevaa lile gauni la buluu na makoti mawili, pasipoti ameikumbatia kama kifaranga. Lakini amesema gari haliondoki mpaka nimalize barua hii. Nitakueleza.

Siku ile Nistor alinisimamisha karibu na bwawa akanipa karatasi yako. Akasema, "Amesema usome hapahapa, unijibu neno moja." Nikaifungua. Jua lilikuwa linanipiga machoni. Nikaitazama muda wa kutosha mtu mzima kusoma, nikaikunja, nikasema, "Ndiyo."

Nistor akanitolea macho. "Ndiyo aje, au ndiyo afe?"

Lilia, nimepigwa na farasi, nimepigwa na mkwe wangu, sijawahi kupigwa vile. Nikamwambia, "Afe nani?" Akanieleza yote, na injini inanguruma. Vali. Kisu. Pasaka. Tarehe 12. Nikarudi nyumbani kwa miguu, sikumsalimu mtu, nikaiweka karatasi mezani mbele ya mama yako. Nikasema, "Dada, nisomee, macho yangu leo mabaya."

Akaishika. Akaanza, sauti tamu kabisa: "Mjomba wangu mpendwa, huku theluji imeanza kudondoka, na kila nikinywa mvinyo wako nakukumbuka..."

Nikamwambia, "Soma tena."

"Mjomba wangu mpendwa, huku theluji..."

"Agafia! Soma tena."

Akaikunja karatasi mara nne, ndogo kama stempu. Nikajua. Zile barua zote! Ule moyo wa farasi, ile mikono salama, yule mjomba asiye na mfano kwenye kingo zote mbili. Nilivishwa kilemba cha ukoka na dada yangu wa tumbo moja, miezi mitatu, nami nikatembea nacho kijijini kifua mbele. Ulikuwa unanitukana, naye ananitazama machoni na kunisomea sifa. Nikalia, mezani safari hii. Nikamwambia, "Hata wa ng'ambo waliokula soseji yangu wakanifungia mlango hawakunifanyia hivi. Wao walinisahau tu. Wewe ulikaa ukanitungia." Akasema, "Nilikusomea barua ambayo ulistahili kuandikiwa." Nikamwambia, "Nilistahili kukupeleka wilayani!"

Wiki nzima tulikula ugali bila kusemeshana. Nilimpeleka wilayani na tulikaa viti vya mbali kwenye basi. Pale ofisini binti wa dirishani akanisukumia fomu niijaze kwa niaba yake, nikaisukuma kwa mama yako, akajaza yeye mwenyewe. Huyo anayeomba kuvushwa ndiye aliyemwandikia aliyemleta. Binti akatucheka.

Kitanda kilipokwenda kwa yule mwanamke wa Huşi, tulijua siku ileile, Nistor alituambia. Mama yako akasema, "Afadhali." Nikampigia kelele, "Afadhali nini? Unakataa nini huko? Kisu?" Akasema kisu hakiogopi, amechinja nguruwe hamsini. "Aibu ya kupokea?" Akasema aibu angeimeza. "Basi nini?" Akanitazama kama alivyonitazama nikiwa na miaka mitano nimejikojolea kanisani, akasema, "Nikifa huko, au nikikaa huko, nani atakusomea, Haralambie? Bili ya umeme? Pakiti ya dawa ya mizabibu? Mwaka juzi nilikwenda harusini siku mbili tu, ukanyunyizia mizabibu sumu ya magugu."

Ndiyo maana ile safu ya chini ilikauka. Mimi nilikuambia ni radi.

Mimi ndiye yule mtu ambaye alikwambia hawezi kumwacha. Mwanamke alikuwa tayari kutandikiwa vitambaa ishirini na vinne ili mimi nisije nikaumbuka mbele ya bibi wa posta. Na bado nimemkasirikia. Nitamkasirikia mpaka apone, kisha nitaanza upya.

Leo asubuhi, bahasha ya pasipoti mkononi, ametoa sharti. "Nitapanda gari ukimwandikia mtoto ukweli, apate kujua hali yako, awe anakuandikia unavyoweza. Si ule ukweli wa macho." Maana miaka yote hii nimewaambia watu macho yangu yaliungua kwa moto wa kuchomelea. Macho yangu ni mazima, Lilia. Namwona kunguru ng'ambo ya Prut na naweza kukwambia amekula nini.

Karatasi hii ataibeba yeye kifuani. Na hapa ndipo shetani aliponigusa. Mama yako alisoma miaka mitatu tu, wakati wa utawala wa Waromania, vita vilipokuwa vinaendelea, kisha ikaja njaa na shamba. Herufi zake ni za Kilatini. Mimi nilisoma miaka sita na Warusi, herufi zangu ni za Kirusi, na wewe unazisoma zote mbili kwa sababu zilibadilishwa ukiwa darasani. Yeye zangu hazijui. Nikiandika hapa kwamba kabichi zimestawi, hatajua. Nikimsomea dirishani ukweli kana kwamba nimeuandika, na hapa nisiuandike, nani atanishika? Alinidanganya miezi mitatu kwa herufi zake. Mimi ningemlipa kwa mstari mmoja wa zangu. Na sasa hivi amegonga kioo, anasema, "Umeandika?" Nimempungia mkono, bado.

Mwaka themanini na tisa nilikwenda Chişinău na lori la ushirika, nikasimama uwanjani siku mbili, nikapaza sauti na umati wote kudai lugha yetu iandikwe kwa herufi za Kilatini kama ya ndugu zetu wa ng'ambo. Hakuna aliyepiga kelele kunishinda, na hili si la kutunga, nilirudi bila sauti. Tukashinda. Wakabadilisha vibao vya maduka, magazeti, makopo ya dawa, fomu, kila kitu. Nyinyi shuleni mkafundishwa upya. Sisi wakubwa hakuna aliyetuuliza. Nilikuwa na miaka thelathini na tisa, fundi mkuu, mtu aliyezidai herufi hizo mpaka akakauka koo. Ningemfuata nani nimwambie?

Nistor amepiga honi. Foleni pale mpakani Sculeni inafika kijiji cha tatu. Haya basi, naliandika.

Mimi mjomba wako Haralambie Buga sijui kusoma barua zako. Hata moja sikuwahi kuisoma. Jina langu kwenye bahasha nalitambua kwa urefu wake tu.